Kuvua msimu wa kusi: upepo usomwe kabla barafu haijanunuliwa

Nimevua kutoka Pangani kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila safari mbaya niliyoiona ilianzia nchi kavu. Barafu imeshanunuliwa, mafuta yamekopwa, tajiri wa chombo amesimama ufukweni anahesabu masaa. Kisha upepo unaamka, na hakuna anayethubutu kusema leo tukae. Barafu inayeyuka. Baharia mwenye deni la barafu hupanda chomboni hata akiiona bahari imekuwa nyeupe mpaka upeo wa macho.

Ninayoandika hapa yanawahusu wenzangu wenye boti ndogo za mashine, mashua na ngalawa katika pwani yetu, katika miezi ya kusi. Dhoruba yenyewe haivuliwi na chombo cha futi 25. Ninazungumzia zile siku za mashaka, ambazo wengine wanatoka na wengine wanabaki, na wote wana sababu.

Kwanza tulijue kusi. Huingia Aprili, hukaza kati ya Juni na Agosti, kisha hulegea kuelekea matlai ya Oktoba na Novemba. Upepo hutoka kusini na kusini-mashariki. Chini yake kuna mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao huku kwetu huenda kaskazini mwaka mzima, na msimu huu huongezeka nguvu hadi kufikia maili nne za bahari kwa saa, zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mashine ikizimika, upepo na mkondo vinakupeleka upande mmoja. Hilo likae kichwani, maana nusu ya hatua zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Utabiri usomwe jioni, kabla ya kununua chochote

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari kila siku, na wenzetu wa Kenya wana Idara yao ya Hali ya Hewa. Msimu wa kusi utasikia mara nyingi maneno haya: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Wengi tumeyazoea kiasi kwamba hatuyasikii tena. Tuyafungue.

Upepo wa kilomita 40 kwa saa hauna nguvu mara mbili ya ule wa kilomita 20. Una nguvu mara nne, kwa sababu msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake. Tanga lililokuwa linakubeba vizuri asubuhi linaweza kukupindua mchana bila wewe kubadilisha kitu.

Na mawimbi: kipimo kinachotumika kwenye utabiri wa bahari kwa kawaida ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa mita 2, tegemea kwamba katika saa kadhaa za kukaa baharini litapita wimbi moja au mawili yanayokaribia mita 4. Hilo ndilo linalopindua vyombo, na watu husema lilitoka wapi. Lilikuwemo kwenye utabiri.

Taarifa hutolewa kwa ngazi tatu. Angalizo lina rangi ya njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Utaratibu wangu ni huu: njano, navua upande wa ndani wa mwamba tu, madema na mishipi, na sichukui mgeni chomboni. Chungwa, chombo kinakaa. Nyekundu, tunakivuta juu kupita alama ya bamvua, yale maji makubwa, tunashusha mashine na kuipeleka nyumbani.

Wapo wanaosema vimbunga havifiki kwetu. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, ingawa kilipoteza nguvu kilipogusa nchi kavu tarehe 4. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Unguja ilipigwa Aprili 1872, zama za Sultani Sayyid Barghash, mikarafuu ikang'oka na merikebu zake zikavunjika bandarini. Angalia miezi: vyote vitatu vilikuja Aprili na Mei, wakati kusi linaingia na sisi tuna njaa ya bahari. Kimbunga hutangazwa siku kadhaa mbele. Hidaya ilitangazwa mapema. Ukisikia jina la kimbunga redioni, usingoje kuona wingu.

Hatua ya 2: Mkubaliane na tajiri usiku huohuo

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote, nami naomba wenye vyombo wasome pia.

Tunajua mgao ulivyo. Gharama hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa, chombo na mashine vikipata mafungu yao. Maana yake safari iliyovunjika haina wa kuilipia, na deni la barafu hubaki linaelea juu ya vichwa vya mabaharia mpaka safari ijayo. Nahodha mwenye deni hilo hatazami bahari kwa macho mawili.

Wekeni makubaliano mbele ya mashahidi, kabla ya msimu. Siku yenye angalizo barafu hainunuliwi mpaka nahodha aseme tunakwenda. Iliyonunuliwa mapema kwa amri ya tajiri ni hasara ya tajiri. Mafuta hayaozi, yatasubiri kesho. Na baharia yeyote, hata mdogo kuliko wote, ana ruhusa ya kusema "nahodha, moyo wangu haupo leo" na asipoteze nafasi yake chomboni. Nimemwona kijana wa miaka kumi na tisa akipanda boti huku anatetemeka kwa sababu tajiri alikuwa amesimama pale na mkononi ana daftari. Alirudi salama, nashukuru, lakini sikuipenda sura yake siku ile na sijaisahau.

Hatua ya 3: Hesabu mwezi

Kwenye pwani hii siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa kinyume: saa nne yamejaa, saa kumi yamekauka. Hesabu hiyo si ya dakika, lakini inatosha kupangia safari.

Umuhimu wake utauona wakati wa kurudi. Upepo unaoingia kutoka baharini ukikutana na maji yanayotoka mlangoni, ile njia ya kupita kwenye mwamba, au kwenye kinywa cha mto, mawimbi husimama. Huwa mafupi kwa upana, marefu kwenda juu, na huvunjika karibu karibu. Wimbi la mita moja ambalo huko nje lilikuwa linakubembeleza, mlangoni linakuwa ukuta. Kinywa cha Mto Pangani ni mfano wake, na kila mvuvi ana mlango wake wa namna hiyo. Panga urudi wakati maji yanajaa au yamesimama. Siku za bamvua ukichelewa kupita saa kumi jioni, unakutana na maji yanayotoka kwa nguvu zote, jua linazama, na umechoka.

Hatua ya 4: Vua joshini

Joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Msimu wa kusi chagua eneo lililo kusini au kusini-mashariki ya nyumbani, ili nyumbani pawe demani yako. Mashine ikifa, upepo na mkondo vitakurudisha pwani ya kwenu au karibu nayo.

Sisi wa Pangani tuna bahati ya Maziwe, ule mchanga ulioko kusini-mashariki, maili chache tu kutoka mjini. Mwaka mmoja mwezi wa Julai mashine ilitufia mita mia kadhaa nje ya mwamba wake. Tulihangaika nayo saa nzima, haikuwaka. Tukatweka turubai kwenye kasia mbili, tukaacha tusukumwe, na jioni tukaburura nanga karibu na Kigombe, watu wanne, samaki wameharibika, wote wazima. Kama siku ile tungekuwa tumekwenda kaskazini kufuata jodari, tungeamkia mbali sana na nchi.

Najua joshini samaki wanaweza kuwa wachache, na kwenda kule ni kupigana na mawimbi kwenda, mafuta mengi zaidi. Gharama hiyo ilipwe asubuhi, wakati mwili una nguvu na mashine haijachoka.

Hatua ya 5: Chombo

Mashine ile ilikufa kwa uchafu wa mafuta. Hili wengi hawalitilii maanani: maji na takataka hulala chini ya tangi miezi yote ya bahari shwari, na hazikusumbui. Siku bahari inapochafuka, tangi linatikiswa, uchafu unapanda, unaingia kwenye chujio, mashine inazima. Ndiyo sababu mashine hupenda kufa siku mbaya. Kabla ya msimu, mwaga tangi lote, lioshe, na kila mara chuja mafuta kwa kitambaa kizito kabla ya kuyamimina. Muuzaji wa mafuta akiwa ni yule wa madumu ya njiani, yaache yatulie usiku mzima na usimimine ya chini.

Mafuta yagawe mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu ambalo hulihesabu. Chukua plagi za akiba, spana yake, kamba ya kuwashia, pini ya propela na tochi. Makasia pia, hata kama una mashine mbili.

Jaketi okozi, moja kwa kila mtu, na livaliwe. Jaketi lililowekwa chini ya nyavu halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka. Pasipokuwa na fedha ya majaketi ya kutosha, na najua hali zetu, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri hubeba kama kilo 20 majini, nalo linatosha kumweka mtu kichwa juu. Lifungie kamba ya kujifunga kiunoni. Jaketi bado ni bora, kwa sababu halihitaji mikono.

Boti ya faiba isiyo na sehemu za hewa ikijaa maji huzama kwa tezi, yaani upande wa nyuma, mashine ikiivuta. Funga madumu sita yaliyozibwa chini ya viti, yakazwe hasa. Hayo ni kilo 120 za kuelea, na yatasaidia kuiweka boti juu mpate cha kushika.

Ngalawa: kagua kamba zinazofunga matengo kwenye mirengu, zile mbao na miti ya pembeni inayozuia chombo kisipinduke. Ukiona uzi umelika, badilisha zote.

Simu iingie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kizibo cha kukaza, ikiwa na chaji kamili. Jifunze kabla ya safari kuisoma ikuonyeshe ulipo kwa nambari za latitudo na longitudo. Nambari hizo simu huzipata kutoka angani hata pasipo mtandao, na ndizo mwokoaji anazohitaji. Mwenye redio ya VHF ajue chaneli ya dharura ni 16.

Hatua ya 6: Acha karatasi

Andika: majina ya waliomo, rangi ya chombo, eneo mnalokwenda, saa ya kurudi, na saa ya kuanza kuwatafuta. Mpe mtu mmoja anayejulikana, awe mke, mama au jirani, si "watu wa pale forodhani". Picha yake ipelekwe kwa katibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile tunachokiita BMU. Mwenye karatasi awe na namba za uongozi wa BMU, polisi wanamaji na kituo cha uokoaji cha bandari ya karibu, na kwa Unguja na Pemba namba za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo. Mwambie waziwazi: saa ikipita, usione haya kupiga.

Hatua ya 7: Alfajiri, simama kwanza

Utabiri wa jana ni wa eneo kubwa. Simama ufukweni kimya kwa muda wa sigara mbili, uangalie pale mnapopitia. Kama umande, ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri, haukuvuma kabisa na kusi lilipiga usiku kucha, mchana litaongezeka. Kama unaona mwamba wa nje unapasuka mweupe moja kwa moja bila nafasi, mlango umefungwa. Uamuzi wa kubaki usirudiwe kujadiliwa kwa sababu chombo cha fulani kimetoka. Yule ana mashine nyingine na mzigo mwingine.

Hatua ya 8: Mkiwa nje

Nanga itoke omo, yaani mbele ya chombo, siku zote. Chombo kilichofungwa nanga tezini hupokea wimbi mgongoni, hujaa na kuzama mahali pake. Amari, yaani kamba ya nanga, iwe angalau mara tano ya kina siku zenye mawimbi, na mwisho wake ufunge dumu tupu. Upepo ukija ghafla hutakuwa na nafasi ya kung'oa nanga iliyonasa kwenye jiwe. Fungua, tupa dumu, nenda. Nanga utairudia kesho.

Mtu mmoja awe na kazi ya kutazama kusini. Wingu la mvua la kusi huja kama ukuta mweusi, chini yake umenyooka. Ukiona upeo umefutika chini ya wingu na maji yake yamegeuka meupe, una dakika chache. Mara nyingi upepo hutulia kidogo, kisha unasikia baridi usoni. Hapo mishipi yote iwe ndani, tanga limetuliwa, vitu vyote vimefungwa. Nyavu na samaki viwekwe chini kabisa katikati. Mimi hupima kwa dhiraa yangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole: kati ya ukingo na maji ikipungua dhiraa moja, mzigo umezidi, unarudi baharini. Najua kumwaga samaki ni uchungu. Nimeufanya mara mbili.

Radi: hesabu tangu umeme mpaka mlio. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikifika sekunde thelathini au pungufu, acheni kuvua, kaeni chini, mbali na mlingoti na vyuma.

Hatua ya 9: Bahari ikikukuta

Ukienda joshini, pokea wimbi kwa bega la omo, si uso kwa uso na kamwe si kwa ubavu. Punguza mwendo unapopanda, usirushe chombo upande wa pili.

Ukienda demani ni hatari zaidi kwa sababu huhisi upepo na unadhani mambo ni mazuri. Wimbi likikuinua tezi, chombo huteleza kama ubao, omo linachimba, kinageuka ubavu na kupinduka. Watu wasogee nyuma, mwendo upungue, na uburute kamba ndefu nene kutoka tezini, hata ikiwa na gunia mwishoni, ili kikae sawa.

Mashine ikifa, kitu cha kwanza ni kukigeuza chombo omo litazame mawimbi. Funga ndoo, kapu au kipande cha wavu kwenye kamba, tupa kutoka omo. Kitavuta maji na kukishika. Mmoja afue maji bila kupumzika, mmoja ashughulikie mashine. Kama nchi iko karibu na kina kinaruhusu, nanga.

Ngalawa: mtu atoke kukaa kwenye mrengu wa joshi, na mwenye kamba ya tanga asiifunge hata mara moja. Aishike mkononi, aiachie upepo ukipiga.

Hatua ya 10: Kuingia mlangoni

Simama nje ya mavunjiko na utazame. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, kisha huja nafasi. Usihesabu "la saba", tazama tu mpaka uone mwenendo wake mara tatu. Likipita kubwa la mwisho, ingia nyuma yake na ukae mgongoni kwake, usilipite na usiache la nyuma likufikie. Ukishaanza usigeuke katikati. Maji yakiwa yanatoka, subiri nje hata masaa matatu. Watu wengi walionusurika huko kilindini wamefia mlangoni wakiziona taa za nyumbani.

Hatua ya 11: Chombo kikipinduka

Hesabuni watu kwa majina. Kaeni na chombo, hata kama ufukwe unaonekana. Mkondo utakupitisha pembeni ya huo ufukwe kabla hujaufikia, na kichwa cha mtu hakionekani kwenye mawimbi, lakini boti iliyolala kifudifudi huonekana. Pandeni juu yake kadiri inavyowezekana, mjifunge kwa kamba kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Msivue nguo. Maji yetu ni ya joto lakini usiku mzima ndani yake huchukua joto la mwili, kwa hiyo kumbatianeni, wadogo katikati. Maji ya chumvi msinywe hata kidogo. Mwenye chupa ya simu apige, ataje nambari za mahali kwanza kabla ya maelezo, kisha azime ili kutunza chaji, na awashe tena kila baada ya nusu saa kutaja nambari mpya, kwa kuwa mnasukumwa kaskazini.

Nanyi mliorudi salama, kabla ya kupima samaki, mpigieni yule mwenye karatasi.